Kioo cheusi cha Casio fx-7000G: shajara ya mradi

Jumamosi

Kikokotoo kimefika mezani kwangu hapa Umoja, Nairobi. Ni Casio fx-7000G, kilichotoka mwaka 1985, cha kwanza cha kuchora grafu kuuzwa kwa umma. Bati la mbele limekwaruzika pembeni, lakini vitufe vyote vinarudi juu ukivibonyeza na hakuna kutu popote ninapoweza kuona. Tatizo ni kioo. Kimekuwa cheusi chenye ukahawia, kimekolea zaidi upande wa juu kulia, na ukikielekeza dirishani unaona mawimbi na vipovu chini ya plastiki.

Mwenyewe ni mpima ardhi mstaafu anayeishi Ngong. Alikitumia miaka mingi akipima viwanja Kitengela, Athi River na Kajiado, enzi za theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, na utepe wa chuma, na mara nyingi kilishinda kwenye dashibodi ya Land Rover kikipigwa na jua. Nilimpigia simu kumwambia kwamba huenda kioo kikatengenezeka.

"Mwanangu, hicho kioo fanya utakavyo. Mimi nataka programu zangu."

"Bado zimo, Mzee?"

"Zimo. Betri sijazigusa tangu kilipokuwa kinasomeka. Ila daftari nililonakilia lilipotea tulipohama."

Basi kazi imegeuka. Kumbukumbu ya mashine hii inaishi kwa umeme wa betri: baiti 422 za programu, na vyumba 26 vya kuhifadhi namba, A hadi Z. Ukitoa betri zote, kwisha habari. Haina tundu la waya wa kuiunganisha na kompyuta, kwa hiyo programu hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kusomwa kwenye kioo. Na kioo ndicho kilichoziba.

Nimeibandika karatasi mgongoni: USIFUNGUE. Watoto hapa nyumbani wanapenda bisibisi.

Jumapili

Kabla ya kugusa chochote nimetaka kujua weusi unatoka wapi, maana kioo cha LCD, yaani cha fuwele kioevu, huingia giza kwa sababu tofauti na kila moja ina hukumu yake.

Kuna weusi wa umeme. Volti inayopelekwa kwenye kioo ikizidi, nukta zote hukolea, hata zisizotakiwa. Weusi huo hubadilika ukicheza na mkolezo, na ukizima mashine unatoweka. Hiki nimekizima, giza likabaki palepale. Kuna weusi wa kuvuja: kioo kikipata ufa au gundi ya ukingoni ikiachia, majimaji ya fuwele hutambaa na kuacha doa jeusi tititi lenye ukingo mkali. Hilo halina dawa, utafute kioo kingine. Nimepitisha lenzi pembe zote nne na hakuna doa la aina hiyo.

Umebaki weusi wa filamu, na pua imemaliza ubishi. Ukinusa ukingo wa kidirisha unapata siki. Filamu ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, kwa miaka ile ina tabaka la kati la plastiki ya PVA iliyonyweshwa iodini na kuvutwa upande mmoja mpaka molekuli zikalala mstari mmoja. Wazo hilo la filamu ya iodini ni la Edwin Land, Mmarekani aliyeanzisha Polaroid mwaka 1937. Tabaka hilo linafunikwa pande zote mbili kwa asetati ya selulosi. Joto na unyevu huivunja asetati nayo hutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe, na asidi hiyo huzidi kuivunja asetati iliyobaki. Ndiyo maana kioo hukaa miaka mingi kikiwa safi, kisha kikianza kuharibika hakisubiri. Sinema za zamani zilizohifadhiwa kwenye makopo hufa kwa ugonjwa huohuo.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha. Bapa mbili za kioo zenye fuwele kioevu katikati hazitengenezi weusi wala weupe. Kazi yake ni kuuzungusha mwanga. Mwanga ni kama ubao mwembamba unaopenyezwa kwenye fito za ua: ukisimama wima unapita, ukilala unagoma. Filamu ya nyuma na ya mbele ndizo fito. Nukta isiyo na umeme inauzungusha ule ubao mpaka uelewane na fito za pili, mwanga unapita na mahali pale panaonekana peupe. Nukta ikipata umeme, fuwele zake zinasimama, haziuzungushi tena, mwanga unakwama na wewe unaona nukta nyeusi. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich waligundua namna hiyo ya kupinda mwaka 1970, wakiwa kwenye kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche kule Basel, na vikokotoo, saa na mizani tulizokua nazo vilitokana nayo.

Maana yake kwetu ni kwamba kila kikokotoo hiki kinapowashwa, maandishi ya Mzee yapo kwenye kioo, kamili, herufi kwa herufi. Kilichokufa ni filamu inayotuwezesha kuyaona. Na filamu si lazima iwe imegandishwa kwenye kioo. Ukiishika mkononi mbele ya jicho, inafanya kazi ileile.

Kwa hiyo nitakwenda hivi: nitaondoa kidirisha na filamu mbovu kwa mbele, bila kufungua mwili wala kufika kwenye betri. Nitasoma kila kitu kupitia filamu ya mkononi na kupiga picha. Ukarabati wenyewe baadaye. Naomba tu filamu ya nyuma iwe hai, kwa sababu hiyo siifikii bila kung'oa kioo.

Jumatatu jioni

Nimepitia Luthuli Avenue baada ya kazi. Kwa mafundi wa simu, ghorofani, ukiuliza polaraiza huangaliwi kama umepotea.

"Ya simu ama ya TV, bosi?"

"Ya TV, shiti nzima isiyokatwa. Yenye gundi upande mmoja. Na kama una kipande cha kawaida kisicho na gundi nitakichukua pia."

Amefunua shiti kutoka kwenye bomba la karatasi. Kuijaribu ni rahisi: unaishika mbele ya simu iliyowashwa na kuizungusha. Skrini inafifia, inazima kabisa, inarudi. Isipozima, hiyo si polaraiza, ni plastiki ya kupunguza mwanga tu. Nimependelea shiti kubwa kuliko vipande vya simu kwa sababu sijui mstari wa filamu ya Casio umelala kwa pembe gani. Shiti kubwa inaniruhusu kukata kwa pembe yoyote.

"Unatengeneza nini?"

"Kalkuleta ya mzee fulani. Ile ya kuchora grafu."

"Sijawahi kuona hiyo."

Simlaumu. Hapa kwetu wengi hatukukutana nazo shuleni. Karatasi za hisabati za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zimeandikwa wazi kwamba kikokotoo kinachoruhusiwa ni kisichopokea programu na kisichotoa sauti, pamoja na kile kitabu cha majedwali cha KNEC, baraza la mitihani. Zile za kuchora grafu ziliishia mikononi mwa wapima ardhi, wahandisi na wahadhiri. Zilizobaki Nairobi si nyingi, na inaniuma kila nikisikia imetupwa kwa sababu ya filamu.

Jumatano

Leo ndiyo siku yenyewe. Umeme upo na meza imefutwa.

Nimeanza na kidirisha cha plastiki. Kimeshikwa na gundi ya pande mbili, kwa hiyo nimekipasha kwa draya ya nywele, joto la chini, mkono mmoja ukiwa kwenye bati kupima. Joto likishakusumbua wewe, limeshazidi kwa fuwele. Kadi nyembamba ya plastiki imeingia kwenye kona ya chini, nikaisogeza taratibu kuzunguka kingo, kikaachia kikiwa kizima.

Chini yake filamu ilikuwa imejikunja kwenye kona kama ilivyoonekana. Nimetumia wembe mpya, nimeulaza karibu usawa na kioo, na kusukuma kidogokidogo kutoka kwenye kona iliyojikunja. Haikutoka kipande kimoja. Imetoka vipande vya kahawia vinavyokatika, harufu ya siki ikajaa chumba. Nimekaa mbali na kingo za kioo, kwa sababu hapo ndipo gundi inayoshikilia bapa mbili ilipo, na ukiijeruhi umejiletea lile doa lisilo na dawa. Sikutumia asetoni hata tone. Inafuta gundi vizuri kwenye kioo, lakini ikidondokea plastiki iliyozunguka imeila.

Filamu yote ilipotoka nimeona nilichokuwa nikikiombea: kioo kimelala juu ya fedha safi yenye ukijani kidogo. Filamu ya nyuma ni nzima. Pana mstari mwembamba wa manjano kwenye ukingo wa juu, nje ya eneo la nukta, usiodhuru kitu.

Nimewasha. Kioo kimebaki kitupu, fedha tupu. Nikachukua kile kipande kisicho na gundi, nikakiweka mbele ya jicho na kuanza kukizungusha. Mara ya kwanza hakuna kitu. Nikazungusha zaidi na herufi zikaanza kutokea kwenye fedha, kwanza kijivu hafifu, halafu nyeusi, kali, kila nukta na mraba wake. Nikiendelea kuzungusha zinafifia, na baada ya robo mzunguko zinageuka: nyuma yake peusi, herufi nyeupe. Nimeita kila mtu nyumbani aje aone.

Kusoma kumetaka uangalifu. Kwenye mashine hii MODE 1 ni ya kutumia programu, MODE 2 ni ya kuandika, na MODE 3 ni ya kufuta. Unapofanya kazi huku mkono mmoja umeshika filamu na mwingine unabonyeza, 2 na 3 ziko jirani mno. Nimekata kipande cha kadibodi nikaifunika 3 kwa utepe mpaka kazi iishe. Ningemshauri yeyote afanye hivyo.

MODE 2 imefunguka, na mstari wa namba za programu umeonyesha mapengo kwenye 0, 1, 2 na 5. Pengo maana yake chumba hicho kina programu. Baiti zilizobaki zilikuwa chache sana. Mzee alikuwa amebana.

Kioo kina nukta 96 kwa 64, yaani mistari 8 ya herufi 16, kwa hiyo programu ndefu inasomwa kwa kurasa. Nimeibandika filamu kwenye lenzi ya simu kwa utepe kwa pembe niliyoipata, nikaiweka simu kwenye stendi, na baada ya hapo ilikuwa kushuka kwa mshale, picha, mshale, picha. Programu 0 ni ya traverse, yaani kupima mguu kwa mguu kutoka nukta hadi nukta, na inaanza hivi:

Lbl 1:?→D:?→B:Rec(D,B):N+I→N◢E+J→E◢Goto 1

Umbali, bearingi, na Rec inayageuza kuwa mwendo wa kaskazini na wa mashariki, ambao Casio inauweka yenyewe kwenye I na J. Mzee anaujumlisha kwenye N na E na kurudi mwanzo kusubiri mguu unaofuata. Hakuna herufi hata moja ya ziada. Programu 1 ni masahihisho ya Bowditch, ile ya kugawa kosa la kufunga kulingana na urefu wa kila mguu. Programu 2 inatoa eneo kwa koordineti. Programu 5 ni fupi kuliko zote: 100S(cos A)², umbali kwa stadia, pale ulipokuwa unasoma nyuzi mbili za theodolaiti kwenye mti wa vipimo na kuzidisha tofauti yake kwa 100.

Nimepiga picha pia za vyumba vyote, A hadi Z. Vingi ni sifuri. N na E zina tarakimu ndefu, zote mbili na alama ya kutoa mbele.

Alhamisi

Nimemsomea Mzee programu zote kwa simu, mstari kwa mstari. Palikuwa na mahali kwenye programu 1 ambapo mabaki ya gundi yaliifunika alama na sikuweza kujua kama ni ya kujumlisha au ya kugawa. Hakufikiri hata kidogo. "Hapo unagawa kwa jumla ya urefu. Bila hiyo Bowditch haina maana."

Nilipomtajia N na E alinyamaza, akaniomba nizirudie polepole ili aandike.

"Hizo ni futi. Ni Cassini."

Akanieleza kwamba ramani nyingi za zamani za viwanja huku kwetu zimechorwa kwa mfumo wa Cassini, ambao kwa upande huu unahesabu kutoka ikweta na meridiani ya digrii 37. Nairobi iko kusini ya ikweta na magharibi kidogo ya meridiani hiyo, kwa hiyo namba zote mbili zinaanza na kutoa. Anadhani anaijua bikoni yenyewe, yaani alama ya mpima iliyosimikwa pale, ila atahakikisha kwenye makaratasi yake. Ameniagiza namba hizo zirudishwe kwenye N na E kazi ikiisha, nami nimeahidi.

Jumamosi

Sasa betri zimetoka na mwili umefunguliwa kutoka nyuma. Sikutenganisha kioo na ubao wake wa sakiti. Maungio ya hapo ndiyo huleta mistari inayokosekana, na haya yamekaa vizuri tangu 1985. Sina sababu ya kuyasumbua. Nimezungushia utepe kingo zote ili alkoholi isipenye chini.

Gundi ya zamani imechukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Alkoholi ya aisopropili kwenye kitambaa cha miwani, unaiacha ilainishe, unasukuma kwa ukingo wa kadi, unafuta, unarudia. Kioo kikishakuwa safi ukipitisha ukucha hauhisi chochote.

Pembe nimeipata kama ile siku ya kusoma, ila sasa betri mpya zilikuwa zimeunganishwa kwa muda na kioo kimejaa namba. Nimeilaza shiti kubwa juu yake, gundi bado imefunikwa na karatasi yake, nikaizungusha mpaka maandishi yakafika weusi wa juu kabisa na nyuma yake pakawa peupe iwezekanavyo. Hapo, bila kuinua shiti, nimechora umbo la kioo kwa kalamu ya CD. Kukata ni kwa wembe na rula ya chuma juu ya kipande cha kioo cha dirisha.

Vumbi la Nairobi si la kuchezea, na chembe moja chini ya filamu inakaa hapo milele. Nimeifanyia bafuni: unafungulia maji ya moto, mvuke unajaa, unazima, unasubiri utue na kuondoka na vumbi. Halafu filamu inaanzia ukingo mmoja tu, karatasi ya gundi inavutwa kidogokidogo huku kadi iliyofunikwa kitambaa ikisukuma hewa mbele yake. Imekaa. Kuna kipovu kimoja kidogo sana kwenye kona ya juu kushoto, nje ya nukta, na nimekiacha. Kuinua filamu upya kwa ajili ya kipovu kisichogusa maandishi ni kutafuta balaa.

Rangi imetoka ya kijivu zaidi kuliko ile ya kijani ya asili. Nimeridhika nayo.

Jumapili

Kuandika programu upya kumefuata picha, pamoja na sahihisho la Mzee. Nambari za vyumba nimeziacha vilevile: 0, 1, 2 na 5, kwa sababu vidole vyake vinazijua.

Majaribio. Rec(100,30) imetoa 86.60254038, na J ikawa 50. Kisha mraba kwa programu 0: miguu minne ya mita 100 kwa bearingi 30, 120, 210 na 300. N na E zimerudi sifuri, kama inavyotakiwa. Bowditch nimeipima kwa mfano ambao Mzee alinisomea kwa simu, akiwa ameukokotoa mwenyewe kwa mkono, na majibu yamelingana.

Mpwa wangu wa Form Three aliomba kuiona grafu. Tumeandika Graph Y=sin na kubonyeza EXE. Mstari unachorwa pole pole kutoka kushoto kwenda kulia, na amekaa akiufuata kwa kidole ukipanda na kushuka. Akaniuliza kwa nini unakata mlalo pale hasa, na tukafungua kitabu.

Baada ya majaribio nimerudisha zile namba mbili kwenye N na E, pamoja na alama zake za kutoa. Kidirisha kimegandishwa kwa utepe mpya wa pande mbili na kitalala chini ya vitabu mpaka kesho. Programu zote nimezinakili kwa kalamu kwenye karatasi mbili, moja ya Mzee, moja itakaa kwangu kwenye faili, na picha zipo kwenye kompyuta. Mzee ana shughuli Ruaraka, kwenye ofisi za upimaji za Survey of Kenya, siku ya Jumanne. Atapitia hapa kukichukua akirudi.